Aliyeanza na Mfuko Wake

Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane ya mwezi wa sita, Bi Mfuko anastaafu baada ya kufundisha Kiingereza kwa watu wazima katika kituo chetu kwa miaka thelathini na moja. Jina hilo si la kwenye vyeti. Alipewa na wanafunzi, likamganda, hata mhasibu siku moja aliliandika juu ya bahasha ya mshahara na hakuna aliyeshangaa.

Kamati ya sherehe imenipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu isiyo na heshima yoyote: chumba changu na chake vimetenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba. Mimi hufundisha sarufi na uandishi, masomo yanayoweza kumlaza mtu mzima saa nne asubuhi. Upande wa pili watu walikuwa ama wanacheka, ama wamenyamaza kama walio msibani. Wanafunzi wangu walinitazama kwa adabu huku masikio yao yakiwa kwake, na yangu pia. Kwa hiyo nimehudhuria masomo yake yote bila kulipa ada.

Nimeagizwa niwe mchangamfu. Nitajitahidi, ila mtanisamehe nikishindwa, maana mtu huyu siwezi kumuaga kwa vigelegele peke yake. Yeye na binti yake wameshasoma kila kilichomo humu, wakanirudishia wakiwa wamefuta neno moja tu. Neno lenyewe sitalitaja, lilihusu koti.

Alikuja kushika nafasi ya mwalimu aliyekwenda likizo ya uzazi. Mwenye likizo hakurudi, na Bi Mfuko hakuondoka. Wanafunzi wetu tunawajua: wauguzi wanaotafuta kazi za mbali, mafundi magari, washonaji, walinzi, wapokeaji wageni wa hoteli, akina mama waliochoka kusomewa barua na watoto wao. Kitabu cha wakati ule kilikuwa na sura moja tu kuhusu fedha. Palikuwa na picha ya mteja, picha ya mwenye duka na tufaha katikati, na mteja aliuliza bei ya tufaha mpaka sura ikaisha. Alifundisha sura hiyo mara moja. Aliporudi chumba cha walimu alikibwaga kitabu mezani, akasema watu hawa wamekuwa wakiuliza bei tangu wapate akili. Bei si shida yao. Shida yao ni kusema fedha ikishaingia inakwenda wapi, na nani anaamua.

Ndipo likazaliwa somo la matumizi, akalifundisha kila muhula. Alikata maboksi ya viatu yakawa kadi, na kila kadi akaiandikia swali kwa Kiingereza. Ukiwa na huzuni unanunua nini? Kitu gani ulikinunua ukakificha? Nyumbani kwenu nani hushika fedha, na nani hudhani anashika? Wanafunzi waliketi wawili wawili wakaulizana. Sheria zilikuwa chache. Hakuna kumuuliza mwenzako jambo ambalo wewe mwenyewe hujalijibu. Na kiasi unaweza kudanganya, sababu usidanganye. Ukitaka kusema umetumia laki ilhali umetumia elfu kumi, sema tu, ni mazoezi ya kutaja tarakimu. Lakini ukiulizwa ulitumia kwa nini, useme kweli au urudishe kadi. Aliyerudisha kadi hakuchekwa. Kwa hilo Bi Mfuko alikuwa mkali kuliko alivyokuwa kwa matamshi.

Niliwahi kumuuliza inakuwaje watu wasiowatajia wake zao mshahara wanamwaga yote mbele ya wageni. Alinijibu kwamba Kiingereza hakina wakwe. Ukigusa habari za fedha kwa lugha uliyonyonya nayo, tayari baba mkwe ameshaketi, shangazi anakohoa, na mashemeji wamejaa mlangoni. Kwa Kiingereza unaingia peke yako, tena na maneno machache, huna hata ya kuzungushia uongo. Ila alisisitiza kwamba ile ni njia ya kupita, si mahali pa kuhamia. Ukishaliweza jambo kwa lugha ya watu, lirudishe kwenu.

Tulicheka sana katika somo lile, sisi wa upande wa pili tukijifanya tunakohoa. Mlinzi mmoja, pandikizi la mtu, alikiri kwamba akipata mshahara kitu cha kwanza hununua manukato, akajipaka akiwa zamu peke yake, na hajawahi kumwambia mtu kwa sababu ya ukubwa wa mikono yake. Muuza nyama mmoja alipata kadi ya nani hushika fedha nyumbani. Akajibu kwa sauti kuu kwamba ni yeye, kisha akaomba ruhusa atoke nje ampigie mkewe simu, amuulize kama ada ya muhula ujao itapatikana.

Yeye mwenyewe aliitii sheria yake. Kila muhula alisimama mbele ya ubao, akatangaza kwamba leo tunaanza na mfuko wangu, kisha akausema. Ndiko lilikotoka jina. Na hapa inanibidi niandike taratibu.

Sisi walimu wenzake tulimjua kuwa ana mkono wa birika. Simsengenyi, haya ameshayasoma. Hakupanda gari mahali ambapo miguu ilifika. Chaki aliitumia mpaka kucha zikakwaruza ubao. Michango ya sherehe alitoa, lakini ilikuwa kama anang'olewa jino. Waliojua sababu ni wanafunzi wake, na mimi jirani, kwa kuwa katika mfuko wake palikuwa na jambo moja alilolisimulia kila muhula, kwa Kiingereza, kwa watu wasiomjua.

Alikuwa mke kijana mwenye binti wa miaka minane. Asubuhi moja mwanamke asiyemfahamu alibisha hodi akiwa na futi ya kupimia mkononi, akaomba radhi kwa usumbufu, akasema amekuja kupima madirisha apate kushona mapazia. Nyumba ilikuwa imeuzwa. Mumewe alikuwa ameiuza bila kumwambia, fedha akazitia katika biashara ya rafiki, na biashara haikufika popote. Wiki ileile alimnunulia binti yao baiskeli nyekundu. Wakahamia chumba kimoja, na mtoto akaambiwa wamehama ili awe karibu na shule. Miaka michache baadaye yule bwana alifariki. Lakini tangu siku madirisha yale yalipopimwa, Bi Mfuko hakuweza kutoa fedha bila moyo kumwenda mbio. Aliwaambia wanafunzi wake kwamba watu huita tabia yake ubahili, na kwamba jina lake hasa ni woga.

Binti hakujua. Alikua akimkumbuka baba wa baiskeli na mama wa viatu vikubwa vilivyojazwa pamba mbele ili vidumu. Alipoolewa alihamia upande mwingine wa mji, na mazungumzo yake na mama yake yakabaki ya mafua na mvua. Watoto wake aliwasimulia habari za babu yao mkarimu. Bi Mfuko alisikiliza, akanyamaza, kwa kuwa alikuwa radhi kuitwa bahili kuliko kumnyang'anya mtoto baba yake mara ya pili. Lakini jambo hilo lilimla. Kila muhula niliisikia sauti yake ikishuka akifika kwenye baiskeli. Sisi tuliojua tulijiuliza swali lilelile: atamwambia mwanawe, au atakwenda nalo kaburini?

Miaka kumi na moja iliyopita somo hilohilo nusura limtoe kazini. Fundi magari mmoja na mkewe, mshonaji, walijiandikisha siku tofauti na wakakaa mbalimbali darasani, kwa sababu waliona haya kujifunza wakitazamana. Hakuna aliyejua kuwa ni mtu na mkewe. Siku ya somo la matumizi Bi Mfuko aligawa kadi, akawaketisha pamoja kama watu baki. Walikuwa na muda wa kukataa, hawakukataa. Mke akapata kadi iliyouliza ni jambo gani la fedha hujalisema nyumbani, na kwa sheria ilimpasa ajibu kwanza yeye.

Alijibu macho yakiwa kwenye kadi. Alisema amenunua cherehani cha pili, amekificha kwa dada yake, na huenda kushona huko mchana. Kwa nini? Kwa sababu ovaroli ya mume wake, aliyetakiwa kuwa gereji kutwa nzima, inarudi safi kama ilivyotoka, na yeye ndiye anayeifua. Hapo ndipo Bi Mfuko alipoelewa nani ameketi mbele ya nani. Alinyoosha mkono aichukue kadi, lakini fundi akaishikilia. Kwa Kiingereza cha kuokoteza, naye akajibu. Gereji ilikuwa imemwachisha kazi kitambo. Kila asubuhi alivaa ovaroli, akaenda kuketi kwenye benchi la hospitali kana kwamba anasubiri mgonjwa, na akiba yao ilikuwa inakwisha. Upande wangu hakuna aliyeandika kitu mpaka kengele ilipolia.

Siku ile mke hakurudi kwake, alikwenda kulala kwa dada yake. Kabla wiki haijaisha kaka yake, mtu wa heshima zake, alifika kituoni akisema tunawavua watu nguo mbele ya kadamnasi. Bodi ikaketi. Mkuu wa kituo wa wakati ule alimtaka Bi Mfuko aahidi kwamba somo hilo halitafundishwa tena, la sivyo mkataba wake hautaendelea. Nilikuwamo kama mwakilishi wa walimu, na nakiri kwamba sikuwa na la maana la kuwakilisha. Bi Mfuko aliomba radhi kwa kutouliza nani ni nani darasani mwake. Aliomba radhi kweli, bila kujitetea. Somo lenyewe alikataa kuliacha.

Yule kaka akamgeukia. "Mwalimu, haya unayowafundisha watu, kwako umeshayasema? Kwa Kiswahili?"

Angeweza kumjibu kwamba hayamhusu, na bodi nzima ingemuunga mkono. "Bado," akasema.

Nilidhani ndiyo imekwisha, na nadhani hata yeye alidhani hivyo. Lakini fundi, aliyeitwa kama shahidi na kuketi karibu na kabati muda wote, aliomba kusema. Tukategemea ataongea Kiingereza, kwa kuwa ndicho alichowahi kusemea jambo lile. Alisimama akamtazama shemeji yake.

"Shemeji, sina kazi. Nilifukuzwa gereji, na nyinyi wote nimewadanganya. Dada yako hakuaibishwa darasani. Aibu alikuwa nayo tangu zamani, kila alipofua nguo safi."

Mkewe alikuwa kwenye kiti cha mlangoni. Aliinuka, akavuka chumba, akaketi upande wa mumewe, na kaka mtu akabaki anakunja mikono ya shati lake. Bodi iliacha somo liendelee kwa sharti moja. Tangu siku hiyo kila anayejiandikisha hapa huulizwa kama yumo ndani mtu anayekula naye chungu kimoja, na wageni hudhani tunauliza kwa ajili ya ada. Wale wawili leo wana duka lao la ushonaji. Mama anashona, na fundi, aliyezoea injini kubwa, anatengeneza vyerehani vya mtaa mzima. Sare za walinzi wetu ni kazi yao.

Watu walimpongeza Bi Mfuko kwa ushindi. Yeye hakuuona ushindi. Alichotoka nacho kwenye kikao kile ni lile jibu alilompa yule kaka, na kuanzia muhula uliofuata niliisikia sentensi mpya mwishoni mwa kisa chake: kwamba amewafundisha watu wengi kulisema jambo hili, na binti yake hajaambiwa. Aliisema wazi, kama mtu anayetaja mahali panapomuuma. Kisha akagawa kadi.

Kuna mengine ambayo kamati imesisitiza niyataje, nayo ni kweli. Aliongoza idara ya lugha kwa miaka mingi. Aliwafunda walimu vijana wasiopungua nusu ya tulio nao, na vituo vingine viwili vimelichukua somo lake, kadi na sheria na kila kitu. Aliwahi kuombwa awe mkuu wa kituo, akakataa, akasema mkuu hashiki chaki. Wauguzi aliowafundisha humwandikia kutoka huko walikokwenda, na wengi humweleza kwanza walichonunua na kwa nini.

Wiki iliyopita alifundisha somo la matumizi kwa mara ya mwisho. Asubuhi hiyo alikuja mlangoni kwangu, akaniambia nilete wanafunzi wangu tuketi chumbani kwake, kwa kuwa tumesikilizia ukutani vya kutosha. Kumbe miaka yote alijua. Tukabeba viti vyetu tukaenda kama watoto waliofumaniwa.

Kwenye kiti cha nyuma, kando ya dirisha, alikuwepo binti yake. Ni mfamasia, mwanamke wa makamo sasa, mwenye mkoba mzuri na kitita cha maua alichokiweka magotini. Mama yake alikuwa amempigia simu kumwomba aje, na yeye alidhani amealikwa kwenye hafla ndogo ya kuaga. Alitutabasamia sote. Hakujua kwamba wengi wetu mle chumbani, tuliokisikia katika mihula iliyopita, tulikijua kisa cha nyumba yao kuliko yeye.

Bi Mfuko alisimama mbele ya ubao. Akatangaza kwamba leo tunaanza na mfuko wangu. Kisha, kwa mara ya kwanza katika somo lile, akaendelea kwa Kiswahili, na wanafunzi wake wakatazamana, maana wao walilipia Kiingereza.

Alianza na mwanamke wa futi ya kupimia. Akaenda pole pole, nyumba, biashara ya rafiki, chumba kimoja, mpaka akafika kwenye baiskeli, na safari hii sauti haikushuka. Hakumtukana marehemu. Alisema alikuwa mtu aliyependa kuona uso wa mwenzake ukifurahi, akaogopa kuuona ukikunjamana, na kwa kuogopa huko akanyamaza. Akamwambia binti kwamba baba yake alimpenda, na zawadi ile ilitoka moyoni. Binti alikuwa ameacha kutabasamu kitambo. Maua yalikuwa yamemteleza yakaanguka chini, na hakuna aliyethubutu kuinama kuyaokota.

"Sikuwa nakunyima, mwanangu," akasema mama. "Nilikuwa naogopa. Ningekwambia mapema, lakini nilishindwa kwa Kiswahili."

Kwa sheria za somo lile, aliyejibiwa naye hujibu. Sisi tuliinamisha vichwa, maana sheria ni ya wanafunzi na yule alikuwa mgeni. Nilikuwa najiandaa kusema neno lolote la kijinga kuhusu chai. Binti akasimama mwenyewe.

"Mimi nanunua hovyo, mama. Kila nikipata, nanunua. Watoto wangu wana viatu ambavyo hawajavivaa hata siku moja, vingine vimeshawabana vikiwa ndani ya boksi. Niliapa wasiwe na mama kama wangu." Akatafuta neno. "Kumbe na mimi ni woga."

Somo halikumalizika. Bi Mfuko alipita katikati ya viti mpaka nyuma, akaketi kwenye kiti cha mwanafunzi ubavuni mwa mwanawe, na sisi tukatoka mmoja mmoja, wa mwisho akarudishia mlango. Tulirudi chumbani kwangu, nikachukua chaki nifundishe, nikashindwa. Safari hii hakuna aliyetega sikio ukutani. Niliwaruhusu wanafunzi wangu waende nyumbani mapema, jambo ambalo mkuu analisoma hapa kwa mara ya kwanza.

Muhula ujao somo la matumizi litaendelea. Nimeteuliwa mimi kulifundisha, na mke wangu ameshaanza kucheka. Nitaanza na mfuko wangu kama ipasavyo, na nawaomba walimu wa chumba cha pili wawe na huruma.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, ahsante, Bi Mfuko. Ahsante kwa watu wazima uliowaheshimu kiasi cha kuwauliza maswali ya watu wazima, kwa sisi walimu uliotuvumilia tukikucheka kwa mkono wa birika, na kwa kutuonyesha, ukiwa umebakiza siku chache tu, kwamba mwalimu naye hufanya mazoezi aliyoyatoa. Tumesikia kwamba Jumapili hii wewe na binti yako mnakwenda dukani kukununulia koti jipya, na kwamba mpaka sasa hamjakubaliana ni la bei gani wala nani atalipa. Tunakutakia afya njema, na miaka mingi ya kubishana naye.